Kwa Nini Tembo Hujimwagia Vumbi Akitoka Kuoga

Zamani zile tembo walikuwa na maringo ya usafi kuliko viumbe wote wa mbugani. Walioga asubuhi, wakaoga jioni, na aliyerudi kundini na tope mguuni alirudishwa mtoni, awe mzee awe kijana. Ndama akizaliwa alioshwa mpaka damu ya uzazi imtoke yote, ndipo bibi wa kundi akampa jina. Asiye na jina hakuhesabiwa, na kundi likihama halikumngoja.

Basi tembo mmoja, Semeni, akajifungua ndama mwenye wekundu hafifu, kama kiganja cha mtoto mchanga. Hata kope zake zilikuwa nyeupe. Shangazi zake wakasema damu haijatoka sawasawa, aoshwe tena. Wakamwosha siku hiyo, wakamwosha kesho yake na keshokutwa, wakimsugua kwa majani makavu, kumbe wanasugua ngozi yenyewe. Jua la kiangazi likamkuta hana kinga. Likamchoma mpaka masikio yakachubuka na macho yakawa hayafunguki, hata kunyonya akakataa. Semeni hakupata usingizi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Siku ya nne Bibi Makiwa, mkuu wa kundi, alitangaza kwamba mto unakauka na kesho wanahama. Ndama aoshwe mara ya mwisho, asipotakata, abaki.

Semeni alimshusha mwanawe mtoni, wote wakitazama. Hakumwosha. Alimlaza topeni, akampaka mgongo, masikio na kuzunguka macho, kisha akammwagia vumbi juu yake. Wenzake wakaguna: aibu gani hii, tena mchana kweupe? Lakini ndama alitulia. Akainuka akiyumbayumba, akatafuta ziwa la mama, akanyonya.

Bibi Makiwa akasogea, akauliza mbona mtoto hajaoshwa.

"Hana uchafu, Bibi," Semeni alijibu. "Hiyo ndiyo ngozi yake. Mkimwacha yeye, mmeniacha na mimi."

Bibi alimpapasa ndama kwa mkonga, polepole, pale palipochubuka. Naye alimzaa ndama wa namna hiyo, ujanani, aliyeachwa porini bila jina. Alichota vumbi akajimwagia mgongoni, yeye mwenye mgongo uliosifika kwa kung'aa.

"Huyu ni Faraja," alisema. "Atapita katikati, kwenye vivuli vyetu."

Mmoja baada ya mwingine, wakainama kuchota.

Na tangu siku hiyo tembo haoni kuwa amemaliza kuoga mpaka ajimwagie vumbi. Ndama wa rangi ile huzaliwa mara chache sana, naye hutembea kivulini mwa mama zake. Miaka ikienda rangi yake hukolea, mpaka akiwa mtu mzima huwezi kumtofautisha na wenziwe. Simama ukingoni uwaulize ni yupi kati yao aliyezaliwa na rangi ile. Wote watachota vumbi wajimwagie.