Siku Baraza la Juu Liliposimama

Palikuwa na nchi yenye mabaraza mawili ya bunge. Wa baraza la chini walipigiwa kura. Wa baraza la juu walirithi viti kwa baba zao, wakavikalia mpaka kufa. Mbunge wa chini, Bi Mosi Kingwendu, akataka nao wapigiwe kura.

“Sawa, binti,” alicheka Mzee Lugome, Spika wa juu. “Wazee wangu wakisimama wote, hoja imepita. Wakikaa, unaacha ubunge.”

“Nimekubali, mzee wangu. Ila niruhusu nije na wapwa zangu, wanione ninavyoumbuka.”

“Lete ukoo mzima!”

Siku ikafika, Mosi akasoma hoja yake.

“Wanaoikubali wasimame,” akatangaza Spika.

Wazee wakajilaza vitini. Mmoja alivua viatu kabisa.

Mosi akawapungia mkono wapwa zake. Wakachomoa tarumbeta makotini, wakapiga wimbo wa taifa.

Wazee wote wakaruka wima, mikono kifuani, maana sheria ya kumfunga asiyesimama waliitunga wao wenyewe. Karani akaanza kuhesabu.

“Kaeni!” alifoka Mzee Lugome, naye kasimama kama mlingoti.

“Anza wewe, mzee wangu,” alimjibu Mosi.