Mtungi Uliovishwa Kaniki

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya sisi tuliopo, na ya wale waliotutangulia. Kaeni vizuri, wanangu. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe saba ya Mfungo Nne, saa moja, umande haujakauka, Bi Mwanakheri aliaga dunia. Tangu saa ile, kwa siku kadhaa, kila mkwewe Faki alipousalimia mtungi, hakuna aliyemwitikia.

Mnacheka? Mtu kusalimia mtungi? Tulieni, nawaeleza.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, Faki aliishi na mkewe Kibibi. Faki alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Akishavuna, mpunga wote huumwaga pembeni mwa nyumba, lundo moja, puu! Wa kula humo. Wa harusi na misiba humo. Wa kubadilishia chumvi na nguo humo. Na wa mbegu, humo humo.

"Mume wangu, mbegu ni ipi hapa?" Kibibi huuliza.

"Mpunga ni mpunga, mke wangu. Twanga!"

Kinu kikalia, tu! tu! tu! Wageni wakala, majirani wakala, mpaka kuku wa majirani wakala. Lundo likashuka, likashuka, likawa vumbi. Mvua ikaja. Basi Faki huyo, kikapu mkononi, nyumba hata nyumba: "Hodi! Jamani, mna mbegu?" Mwaka huu hivyo, mwaka wa pili hivyo. Akipata mbegu, wenzake wameshapalilia. Akipanda, ndege wanamsubiri.

Ndipo Bi Mwanakheri, mamake Kibibi, alipokuja kukaa nao. Alikuwa mama mfupi, msemaji wa pole pole, mwenye tasbihi isiyotoka mkononi. Alilitazama lundo. Hakugomba. Aliagiza mitungi minne, akaipanga ukutani.

"Huu wa kula," alisema. "Ukiisha kabla ya wakati wake, tutakula muhogo. Huu wa shughuli, harusi na matanga. Huu wa chumvi na nguo."

Mtungi wa nne akaujaza mbegu, akaufunika. Kisha akachukua kaniki yake mwenyewe, akauvisha, akafunga fundo mbele, kama mwanamke anayekwenda kwa jirani.

"Na huu, mama?" Faki aliuliza.

"Huyu ni mimi."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Siku ukiwa na njaa, baba, njoo univue nguo."

Lo! Faki aliziba uso kwa mikono miwili, akatoka mbio, pyuu! Kibibi alicheka hata akakaa chini.

Tangu siku ile Faki hakuugusa mtungi ule. Kila akipita huinama. "Shikamoo, mama." Na Bi Mwanakheri, huko jikoni aliko, humjibu: "Marahaba, mwanangu! Mimi bado nimeshiba, na wewe?" Watu walimcheka Faki. Lakini mvua ikija, yeye ndiye wa kwanza shambani.

Basi, kama nilivyosema, Ijumaa ile Bi Mwanakheri akatuacha. Ilikuwa bado kitambo masika yaingie. Faki alilia kama mwana wa kumzaa. Watu wakaja matanga, wakala kutoka mtungi wa shughuli. Siku ya hitima ilipofika, mtungi ule ulikuwa umebaki na mpunga wa kupikia uji tu.

Jirani yake, Vuai, alichungulia ndani, akaguna.

"Uji? Faki, mkwe aliyekutoa kwenye kuombaomba, utamsomea hitima kwa uji? Watu watasemaje?"

"Sina kingine, Vuai. Mitungi ya kula na ya chumvi imekwisha."

"Huna? Na ule pale, umejaa mpaka shingoni?"

"Ule ni mbegu."

"Ule ni mtungi! Mwenyewe yuko kaburini. Fungua, tupike wali, umheshimu mzee wa watu."

Hapo moyo wa Faki uligawanyika. Akifungua, masika yatamkuta na kikapu mlangoni kwa watu. Asipofungua, kijiji kizima kitasema hakumpenda mama yule. Naye alimpenda, Mungu anajua.

Alikwenda. Aliinua mkono. Vidole vikafika kwenye fundo. Na mdomo, kwa mazoea tu, ukasema: "Shikamoo, mama."

Kimya.

Faki akasubiri. Machozi yakamtoka.

Mara sauti ikatoka jikoni, ya pole pole, ile ile: "Marahaba, mwanangu! Ndiyo unanivua nguo, mbele ya wasoma hitima?"

Alikuwa Kibibi. Sauti ya mamake aliirithi yote.

Faki aliruka nyuma, akamkanyaga Vuai. Vuai akapiga yowe. Wasomaji wakaangua kicheko, hata mwalimu aliyeshika juzuu akajifuta macho. Uji ukaletwa, wakaunywa, wakamwombea marehemu.

Masika yakaingia. Pwa! pwa! pwa! Fundo alilifungua Kibibi, maana yeye ni mwana. Faki alisimama mlangoni, amegeuka, kikapu amekinyoosha kwa nyuma. Mbegu zikamiminika, chwaaa!

Siku chache baadaye ikasikika hodi. Vuai, kikapu mkononi, macho chini.

Faki alimjazia kikapu, hakumwambia neno baya. Alimwuliza tu: "Vuai, mkweo yu hai?"

"Yu hai."

"Basi kamwombe kaniki."

Wanangu, mkipata, tengeni. Cha leo kikae pake, cha shughuli pake. Na cha kesho kiheshimuni kama mtu mzima aliyeketi ndani ya nyumba yenu.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapa. Naye Bi Mwanakheri, Mola amrehemu, ampanulie kaburi lake, amvishe nguo za peponi, na siku yetu ikifika atukutanishe naye. Amina.