Singo ya Mchanga Mpya

Sogeeni karibu wote. Na wewe mwenye tangi la samaki sebuleni, unayelalamika kwamba mchanga wako umeingia rangi ya kahawia, weka chini hicho kitambaa kwanza. Kisa hiki ni chako kuliko cha mtu mwingine yeyote humu ndani.

Hapo awali, bahari ilipokuwa bado haijazoea mambo yake, ndani ya miamba ya matumbawe hapakuwa na mchanga hata chembe. Sakafu ilikuwa jiwe tupu lenye ncha. Kisha siku moja Bwana Pono, yule samaki mwenye meno ya kutafuna mawe, akaamka kutoka katika usingizi wake maarufu akiwa na njaa ya ajabu. Akavamia matumbawe yaliyokufa, akatafuna, akameza, na huko nyuma yake ukawa unatoka unga mweupe. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alitafuna mwezi mzima, na aliporudi kulala, sakafu yote ilikuwa nyeupe pepepe.

Furaha iliyozuka siku hiyo haina mfano. Samaki taa walijilaza, kamba walicheza, na waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Lakini aliyefurahi kupita wote alikuwa Bi Mwanatumu, kaa mjane mwenye binti mmoja tu, Zena. Zena alikuwa amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mwamba, na wakweze walikuwa wameahirisha harusi mara mbili kwa kisingizio cha mawe: eti hawawezi kuja kukata miguu yao kwa watu. Sasa Bi Mwanatumu alipata la kuwajibu. Aliwapelekea habari kwamba waje siku ya bamvua, maji yatakapojaa, watembee juu ya weupe ambao macho yao hayajapata kuuona. Wakweze wakajibu kwamba watakuja, na kwamba hiyo itakuwa mara ya mwisho.

Zikabaki siku kumi na nne. Zena akaingizwa ndani, akakabidhiwa kwa somo wake wa kumfunda, Bi Kibibi, jongoo bahari mzee, mpole, asiye na haraka na jambo lolote. Bi Mwanatumu akabaki nje na sakafu yake, akiimba.

Siku ya tano akaacha kuimba. Mchanga ulikuwa umetandwa na utando wa kahawia, laini kama vumbi, na ulizidi pale penye jua jingi na maji yaliyotulia. Akachukua kipande cha sifongo, akapangusa mpaka pakang'aa. Kesho yake utando ulikuwa umerudi. Akapangusa tena kwa hasira, akaufukua mchanga, akaugeuza juu chini, na kesho yake ukarudi mzito zaidi. Bi Kibibi alitoa kichwa mlangoni, akamweleza taratibu kwamba mchanga mpya huja na chakula chake ndani, na kila anapoufukua anakitoa juu. Utando unakula chakula hicho. Kikiisha, na wenyewe utaisha.

Bi Mwanatumu hakutaka kusikia. "Somo, wewe fundisha bibi harusi," alisema. "Sakafu niachie mimi."

Basi akaendelea, asubuhi na jioni. Vumbi likatimka, likawaangukia matumbawe walio hai, wakafumba vinywa kwa kukosa pumzi. Siku ya kumi na moja wakamtumia mjumbe: akilitimua tena, ahame yeye na mwanawe. Maskini Bi Mwanatumu aliangalia nje, akaona kahawia mpaka mwisho wa macho. Zilibaki siku tatu. Moyoni aliwaona wakweze wakigeuza njia, akamwona Zena akizeekea nyumbani, na akalia bila kujificha.

Akaingia ndani na sifongo yake mkononi. Zena alikuwa amekaa kitako, amepakwa singo, ule msugo wa bibi harusi unaooshwa siku ya harusi yenyewe, kuanzia usoni hadi ncha za miguu, wa kahawia mtupu. Mkono wa mama, kwa mazoea tu, ukanyanyuka kumpangusa shavu.

Zena akarudi nyuma. "Mama, siku yangu bado."

Bi Kibibi akamgeukia Bi Mwanatumu. "Na yule wa nje," akauliza, "siku yake imefika?"

Bi Mwanatumu akaitazama sifongo, akamtazama mwanawe, akatazama nje. Polepole sifongo ikamtoka mkononi. Akakaa mlangoni, akaikunja mikono yake mbele ya kifua, akaibana ili isimponyoke.

Siku ya kwanza hapakubadilika kitu, na mikono ilimwasha vibaya sana. Siku ya pili Bi Kibibi aliita jamaa zake na konokono wa jirani, wakainamisha vinywa mchangani, wakala huku wakisogea hatua kwa hatua. Utando ukaanza kupasuka. Asubuhi ya bamvua, Zena alipokuwa akioshwa singo, kelele zikapigwa nje: mchanga ulikuwa umetakata wote, mweupe kuliko siku alipoutoa Pono! Vigelegele vikakutana na maji yaliyokuwa yakijaa, na wakweze wakaingia wakinyanyua miguu kwa heshima, wakiogopa kuuchafua.

Mama wa bwana harusi alimuuliza Bi Mwanatumu ameutakatisha vipi.

"Kwa mikono hii," akajibu, akamwonyesha, bado imekunjwa.

Bi Kibibi alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema anataka singo ya kila mchanga mpya, yeye na kizazi chake. Akapewa.

Na tangu siku hiyo jongoo bahari hutembea kinywa mchangani, akila haki yake. Kaa naye huikunja mikono mbele ya kifua, na mtu akimkaribia huinyanyua kidogo, kisha hukumbuka. Na mchanga mpya, uwe baharini au ndani ya kioo sebuleni kwako, hupakwa kahawia kwanza. Basi nenda nyumbani. Punguza mwanga, wapunguzie samaki chakula, tia konokono wawili watatu, kisha vuta kiti ukae mbele ya tangi lako na kukunja mikono. Uone kama haitakuwasha.