Mama Aliyebaki Pangani

Isome taratibu, kisha mpelekee ndugu anayemkumbuka marehemu wake.

Mhina wa Muheza alipiga gitaa enzi za santuri. Santuri zake zote zilivunjika au kupotea, hata nyumbani kwake haikubaki moja. Alipokuwa anakata roho alimwambia bintiye, Hidaya, "Mfuateni mama Pangani, kwa fundi Zuberi. Msimwache huko."

Mkewe, Bi Mwanjaa, alisikia.

"Kumbe alikuwa na mke Pangani!"

Tangu siku hiyo jina la Mhina halikutajwa tena nyumbani. Gitaa lake akapewa jirani.

Miaka ikapita. Hidaya alimwona mama yake akizeeka na kinyongo kile, akaamua kwenda kumtazama huyo mwanamke, yaishe. Akafika Pangani, akamkuta fundi Zuberi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee. Nimemfuata mama."

"Marahaba. Mama wa nani?"

"Yule wa baba yangu, Mhina."

Zuberi alisimama. "Mbona mmechelewa hivi! Ngoja nimtoe kwenye unga."

"Kwenye unga?"

"Mke wangu kamfanya kifuniko cha pipa."

Alirudi akipangusa bamba la chuma, duara, lenye mistari myembamba kama nywele.

"Sisi wafyatua santuri tunaliita mama," alisema, "kwa kuwa ndilo linalozaa santuri nyingine zote. Wenzangu waliyauza yao kwa wanunua chuma chakavu. Hili nilikataa. Baba yako aliniambia ni la mkewe."

Hidaya alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Zuberi akabeba gramafoni yake, wakaenda pamoja Muheza. Bi Mwanjaa aliwapa mgongo.

"Sitaki kumsikia mume wa watu."

Sindano ikashuka juu ya bamba. Ikakwaruza, kisha sauti ya Mhina ikatoka, changa, kabla ya gitaa:

"Wimbo huu ni wa Mama Hidaya, aliyenivumilia nikiwa sina kitu."

Bi Mwanjaa aligeuka polepole. Alisikiliza hadi mwisho, kanga mdomoni. Kisha akamshika Zuberi mikono yote miwili.

"Ahsante, shemeji. Umenirudishia mume wangu."

Akafuta macho, akalipakata bamba lile mapajani.

"Mkeo mwambie nitamletea kifuniko kingine. Huyu mama harudi kwenye unga."

Funzo: Neno la marehemu usilolielewa, waulize waliofanya naye kazi kabla hujamkasirikia. Na aliyekutunzia kumbukumbu yako, mshukuru angali hai.