Agatha Aliyelia

Wamesimulia wapokezi wa habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Italia, zamani za watawala wengi na vita vingi, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Orsolina. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za watakatifu. Aliirithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, akaona heri amfundishe binti yake kusaga rangi na kushika brashi kuliko ujuzi ufe naye. Watu walisema weee, mwisho wakachoka, wakaanza kumpelekea kazi.

Katika wanawake wote waliouawa kwa ajili ya imani, watu wa mji ule walimpenda zaidi Bikira Agatha. Huyu, kama mjuavyo, alikuwa binti wa Sisilia aliyeikataa posa ya liwali mpagani, kwa kuwa moyo wake alikwisha kumpa Kristo. Liwali akaamuru akatwe matiti, na baada ya mateso mengine akafia gerezani. Ndiyo sababu wachoraji wa Ulaya humchora amebeba sinia, na juu ya sinia matiti yake mawili. Zama zile wasiojua kusoma ndio waliokuwa wengi, na kila shahidi alitambulishwa kwa mateso yake: Lusia kwa macho yaliyong'olewa, Apolonia kwa jino, Katarina kwa gurudumu.

Wakulima wa mji ule, wakilitazama sinia la Agatha kwa mbali, walidhani ni mikate. Nani angewasahihisha, na wakwe zao wamesimama hapo hapo? Basi kosa likawa desturi. Kila sikukuu ya Agatha wanawake walioka mikate midogo ya mviringo, ikabarikiwa, ikaliwa, na Padri naye akala kama wengine.

Sasa sikilizeni habari ya uso. Baba yake Orsolina alimwachia karatasi ngumu yenye mchoro wa uso wa mwanamke, imetobolewa kwa sindano mstari kwa mstari. Mchoraji huilaza juu ya ubao, akaipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Vumbi hupenya kwenye matundu, na karatasi ikiondolewa, uso umebaki pale kwa vidoa vyeusi, tayari kupakwa rangi. Ulikuwa uso mzuri, macho yameinuliwa mbinguni, midomo inakaribia kutabasamu. Kwa karatasi hiyo moja Orsolina aliwachora mashahidi wa wilaya nzima. Lusia ni huyo, Katarina ni huyo, Agatha ni huyo huyo. Alichobadilisha ni kitu cha mkononi. Wala hakuona kosa, maana aliamini kwa yakini kwamba afaye kwa ajili ya Mungu hufa akiwa na raha.

Palikuwa na Chama cha wanawake waliojiweka chini ya ulinzi wa Agatha, nacho kilikuwa na kikanisa chake. Wanachama walizikwa chini ya sakafu ya kikanisa hicho, mbele ya picha ya shahidi, na kila mwaka waliwashiwa mishumaa na kuombewa kwa majina. Mwaka mmoja, baada ya mavuno ya zabibu, wakaona picha yao ya zamani imeliwa na unyevu, wakamtaka Orsolina achore nyingine kabla ya sikukuu. Ujira alioutaka haukuwa fedha. Alitaka azikwe pale na kuombewa pamoja nao, ingawa hakuwa mmoja wao. Hakuwa na mume wala mtoto, na hofu yake kubwa ilikuwa kufa bila mtu wa kulitaja jina lake mbele ya Mungu. Wakamkubalia.

Hakuwaambia kwa nini alikuwa na haraka. Siku chache nyuma, akijifuta jasho, mkono wake uligusa kivimbe katika titi la kushoto. Hakikuuma. Kufikia Noeli kilikuwa kigumu kama jiwe la mtoni, ngozi imevutika ndani, na maumivu yameshuka mpaka kwenye mkono wa kushikia ubao wa rangi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye aliijua methali hiyo kwa namna ya kwao. Lakini amwambie nani? Tabibu wa mji hakuwa na dawa nyingine ila kisu na chuma cha moto.

Asubuhi moja alikwenda kikanisani kupima mahali pa kutundika ubao mpya. Akamkuta Brigida, mke wa mwoka mikate, amepiga magoti mbele ya picha iliyoharibika. Ugonjwa wa Brigida haukuwa siri. Titi lake lilikuwa limepasuka, na majirani walikaa naye mlango ukiwa wazi kwa sababu ya harufu. Unyevu ulikuwa umekula mavazi ya Agatha na nusu ya sinia, ila uso ulibaki kama ulivyochorwa.

"Dada Orsolina," akasema Brigida, "nikuulize wewe uliyemchora. Yeye alikatwa yote mawili, na mtazame alivyotulia. Mimi nina hili moja, tena halijakatwa, na usiku nauma mto ili mume wangu asinisikie. Imani yangu ina kasoro gani?"

Orsolina akajibu kama wajibuvyo watu. "Subiri, mpenzi. Mungu yupo."

"Nimesubiri. Kila nikimtazama naomba msamaha kwa machozi yangu. Nikifika nyumbani nalia tena. Nadhani ndiyo maana sisikilizwi."

Akajikokota, akatoka. Orsolina alibaki amesimama mbele ya uso ule. Alijua kila kidoa chake, mahali sindano ya baba yake ilipopita na mahali ilipoteleza. Akajaribu kupiga magoti, akashindwa kusali. Huyu, aliwaza, hajawahi kuumwa hata kichwa. Ndipo akaona aliyoyatenda. Kwa miaka na miaka wagonjwa walikuwa wakija kwa huyu mwanamke wa vumbi la mkaa, wakijipima kwake, wakirudi makwao na mzigo wa pili juu ya ule wa maradhi. Wengine walikwisha kufa wakidhani machozi yao yalikuwa dhambi. Na likamjia wazo baya zaidi, ambalo hakuwahi kuliwaza maishani: kwamba huenda nyuma ya uso ule hapakuwa na mtu, na dua zake zote zilikuwa zimegonga ubao. Alilia njia nzima mpaka nyumbani, na hakulia kwa ajili ya titi.

Majira ya baridi yale alichora bila karatasi. Kila maumivu yalipopanda, alijitazama kwenye kioo, akachora alichokiona. Agatha huyu hakutazama mbinguni. Alitazama sinia. Macho yalikuwa yamevimba, mdomo umekwenda upande, na mikono ililishika sinia kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichojua akiweke wapi.

Picha ilipokwisha, walikuja kuitazama Padri Anselmo, mlezi wa Chama, na Bibi Kostanza, mkuu wa wanawake. Bibi Kostanza alitazama mara moja, akageukia dirishani.

"Binti yangu," akasema Padri kwa upole, "huyu analia."

"Ndiyo, Padri."

"Shahidi hakulia. Neema ilimfunika."

"Bwana wetu alilia, Padri."

"Alimlilia rafiki yake aliyekufa."

"Na kule bustanini, usiku wa kukamatwa kwake, jasho likimtoka, alikuwa akimlilia nani?"

Padri aliisogelea picha. Hakuwa mtu mbaya, nami sitaki mumwone hivyo. Alikuwa amewazika wengi na kuwafariji wengi, kwa maneno aliyofundishwa. "Orsolina," akasema, "wanawake hawa huja hapa wakiwa hawana kitu. Nikiwatundikia kilio, watashika nini?"

Orsolina mwenyewe hakuwa na cha kushika. Bibi Kostanza ndiye aliyekata shauri, bila kugeuka kutoka dirishani. Uso wa zamani urudishwe kabla ya sikukuu. Ukirudishwa, ahadi ya kaburi ipo. Usiporudishwa, Chama hakimjui.

Enyi wapendwa, msidhani mja mwema ni yule asiyeogopa. Orsolina aliogopa. Aliyaona makaburi ya nje ya ukuta, ambako maji ya mvua hupita na majina hayadumu. Akaona pia kwamba aliyoyachora hayamponyi Brigida wala yeye. Basi akaitoa karatasi ya baba yake, akailaza juu ya uso unaolia, akaipigapiga kwa kifuko cha mkaa. Alipoiondoa, uso wenye raha ulikuwa umekaa kwa vidoa vyeusi juu ya uso wenye uchungu. Kilichobaki ni rangi.

Akiwa bado ameshika kifuko, mlango ulibishwa. Alikuwa mwoka mikate, amembeba mkewe mikononi. Brigida alikuwa amebaki mifupa. Alijua sikukuu haitamkuta, akaomba aletwe amwone Agatha mpya. Mumewe alimketisha kitini, akarudi kwenye tanuri lake.

Brigida alitazama kwa muda. "Mbona ana madoa?"

Hapo Orsolina angeweza kusema neno dogo la uongo, na nani angemlaumu? Mgonjwa yuko mlangoni pa kifo, mwache aende na faraja yake. Lakini ulimi wake ulikataa.

"Ni alama za uso mwingine," akasema. "Wanataka atabasamu. Kesho nitaufunika huu."

"Huu wa chini ni wa nani?"

"Ni wake."

"Alilia?"

"Sijui, Brigida. Sikuwepo. Yule unayemwombea msamaha wa machozi yako alitoka kwenye karatasi ya baba yangu. Ni hii hapa, itazame, ina matundu. Hakukushinda imani. Hakuwahi kuwa mtu." Kisha akafungua vifungo vya kifua na kumwonyesha mwenzake titi, ambalo hakuna mwingine aliyeliona. "Lakini mimi nalia. Nalia kila siku. Nimechora ninachokijua."

Brigida aliliangalia titi, akaiangalia picha. Akaomba asogezwe karibu. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuyafuta madoa ya mkaa, taratibu, kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye midomo. Vumbi lilitoka bila kuidhuru rangi iliyokwisha kukauka.

"Basi tuko watatu," akasema.

Wakakaa wakalia pamoja, na hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe, mpaka mumewe aliporudi kumchukua.

Brigida alikufa kabla ya sikukuu. Mumewe alikuja kumpa Orsolina habari, akasimama mlangoni na unga mikononi. "Amelia mpaka mwisho," akasema, "lakini hakuuma tena mto. Aliniruhusu nimshike."

Orsolina hakuichoma karatasi ile, maana ilikuwa kazi ya baba yake. Aliiweka tu kabatini, asiiguse tena. Picha akaipeleka kama ilivyokuwa, nayo ikakataliwa. Chama kiliagiza nyingine mji wa bondeni, na picha ya Orsolina ikatundikwa katika chumba cha kukandia mikate ya sikukuu, isionekane na wageni. Wapo waliosema wagonjwa walianza kujitolea kwenda kukanda. Huenda. Yeye hakuishi kuyaona hayo. Kidonda kilifunguka, harufu ikaja, na majirani nao wakakaa naye mlango ukiwa wazi. Imani yake haikurudi kama ilivyokuwa. Alisali, lakini alisali kama mtu anayeita ndani ya nyumba asiyojua kama ina wenyewe.

Mwezi wa kuchipua mizabibu, Padri Anselmo alikwenda kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alimkuta akiugulia kwa maumivu, uso umelowa. Akafungua kitabu chake ili amsomee maneno ya kumtuliza.

"Padri," akasema Orsolina, "usiniambie nitulie."

Padri akakifunga kitabu. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Yupo?" akauliza Orsolina.

Padri alimtazama: macho yaliyovimba, mdomo uliokwenda upande. Alipojibu, sauti yake haikuwa ya mimbari. "Yupo, binti yangu."

"Basi ananiona hivi nilivyo."

Alifariki alasiri ile akiwa bado analia, wala hakuomba msamaha kwa hilo. Alizikwa nje ya ukuta, mvua ikinyesha. Chama hakikuja. Walikuja Padri na mwoka mikate, na Padri akalitaja jina lake kwa sauti, mara nyingi kuliko ibada inavyoamuru.

Wapendwa, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi tulio wazima ni hodari wa kuwafundisha wagonjwa subira, na subira tunayoitaka kwao ni ile isiyo na sauti. Subira ya mja huyu ilikuwa kusema kweli alipokuwa na kila sababu ya kudanganya, na kumwita Mungu akiwa hana yakini kwamba anaitikiwa. Haikuwa nzuri kutazama. Mola ailaze roho yake pema, na atusamehe sisi tunaowataka wanaoumia watabasamu, ili tupate kulala.