Nungunungu wa Mbali na Madoa ya Mzee Jua

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Wakio Mwandoe, kule Taita, mwaka wa 1980, siku jua lilipopatwa mchana na kuku wakarudi bandani. Tunaianza alivyoianza yeye.

— Masikio?
— Yapo.
— Mioyo?
— Inadunda.
— Basi sogeeni karibu.

Zamani Mzee Jua alikuwa na boma kubwa. Dunia ilikuwa ndani, Mirihi ndani, Mshtarii ndani, na Zohali kule pembeni. Nje ya boma, kwenye giza la nyota zilizokufa, aliishi Nungunungu wa Mbali. Miiba yake haikuonekana. Alijikung'uta, sii, sii, sii, nayo ikaingia. Ilipita paa. Ilipita mwamba. Ilipita ngozi. Aliyechomwa alidhoofika, na aliyedhoofika aliliwa.

Mama Pimbi aliishi kwenye ufa wa mwamba na watoto wanne. Siku moja kitindamimba akasema, "Mama, kuna kitu kimenipita tumboni."

Pimbi akampapasa. Hakuona jeraha. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

"Nani amedhoofika humo?" sauti ikauliza kutoka nje ya boma. "Mlete."

"Yupo, Bwana Mkubwa," Pimbi akajibu. "Lakini ni mmoja, tena mwembamba. Wewe ni wa kula mmoja?"

"Mimi nakula wote."

"Basi ingia mpaka uani. Ila kwetu mgeni hali kabla ya kumwamkia mwenye boma."

"Namwamkiaje?"

Pimbi hulitazama jua bila kupepesa. Asubuhi ile alikuwa ameona madoa meusi usoni mwa Mzee Jua, na mzee akitokwa na madoa huwa hasemezeki.

"Mwambie, 'Mzee, naona uso wako umetokwa na madoa.' Hupenda sana kuambiwa."

"Hivyo tu?"

"Kwa sauti. Masikio yake mazito."

Pimbi akawasukuma watoto ndani ya ufa, akauziba kwa mgongo wake. Alijua hasira ya Mzee Jua haichagui.

Nungunungu akaingia, akakohoa. "Mzee, naona uso wako umetokwa na madoa."

Mzee Jua akageuka.

"Nani huyo?" Mzee Jua akauliza taratibu.

"Hasa hilo la shavuni," Nungunungu akaongeza, akitaka kupendwa.

Pwaaa. Moto ukaruka usoni mwa Mzee Jua, na nyuma ya moto ukaja upepo. Fuuu, ukapita Dunia, ukamzoa Nungunungu. Fuuu, ukapita Mirihi. Fuuu, ukapita Mshtarii. Fuuu, ukapita Zohali. Kila ulipopita, miiba ilipungua. Nungunungu akabiringika mpaka nje ya boma, buu.

Pimbi alisikia manyoya ya mgongo wake yakiungua. Hakuondoka pale ufani. Doa la moto ule pimbi wote wanalo mgongoni mpaka leo.

Upepo ulipopita, akauliza, "Tumbo?"

"Limenyamaza, Mama."

Wakasikiliza. Upepo ule ulikuwa ukififia. Mbali, nje ya boma, kitu kilianza kutambaa kurudi. Sii.

Hadithi imefika ukutani, haina pa kupita. Anayeogopa amshike jirani mkono. Asiyeogopa amshike pia, asije akasahaulika. Na funzo lake ni hili: mgeni akija kuwala, mchagulieni maamkizi, ila ninyi kamwe msimchokoze mzee mwenye hasira.

Mzee Jua yu hai. Nungunungu yu hai. Pimbi alikufa, kwa uzee tu. Watoto wake wako hai, wote wanne.