Kichonjo Aliyeoga Chunguni

Hapo zamani za kale, na haya sikuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nilikuwa nimekaa kitako ndani ya pafu la ndama wa Nyati. Msiniulize niliingiaje. Nilikuwa mwembamba enzi hizo.

Ndama alikuwa hoi. Homa, kikohozi, siku ya tatu hajaonja ziwa. Huko nje mama yake analia, "Nyonya, mwanangu, japo tone!"

Mlinzi wa pafu hilo alikuwa seli nyeupe ya damu, Bi Kishindo, jimama nene kama gunia la pamba. Kazi yake kumeza wezi. Akimmeza mtu, humfungia tumboni ndani ya chungu chenye kifuniko, kisha humpulizia hewa kali, ileile inayotia chuma kutu. Fuuu! Mwizi kwisha.

Siku hiyo alimkamata bakteria mmoja, Kichonjo, mdogo kuliko chembe ya vumbi.

"Leo utanitambua!" Gwap! Akammeza.

"Nisamehe, shangazi!"

"Shangazi yako nani? Fuuu!"

Chungu kikaanza: bwata, bwata, bwata!

"Yalaa! Naungua! Naiva mimi!"

Bi Kishindo akatabasamu. Mazoea yake, chungu kikitokota hakifunuliwi, mvuke usije ukapotea. Akaenda zake kusaka wengine.

Lakini homa ikazidi. "Mbona nampika tangu asubuhi, na mtoto ndiyo kwanza anawaka?" akajiuliza. Akapapasa tumbo lake. Loo! Baridi kama mtungi! Chungu kinatokota, na joto hamna!

Akafunua.

Kumbe Kichonjo anaoga! Kashika kichujio cha chuma. Hewa kali ikipita humo inageuka maji na povu. Kajipaka sabuni hadi masikioni, na watoto wake arobaini, aliowapata humohumo chunguni, wanarushiana maji.

"Karibu, shangazi," akasema bila haya. "Nikusugue mgongo?"

Bi Kishindo akanywea kwa aibu. Hasira ikamtuma apulize zaidi. Akajizuia, si atamwongezea maji tu? Akakitazama kile kichujio. Kutu imekila, na Kichonjo anaziba matundu kwa vipunje vya chuma anavyookota chunguni.

Basi akavizoa vipunje vyote, kimoja kimoja, akavificha mbali.

"Shangazi, niachie japo kimoja!"

"Oga, baba. Oga." Fuuu!

Kichujio kikatoboka. Fuuu! Safari hii hapakuwa na bwata wala yalaa. Kimya, baba na watoto.

Jua halijatua, ndama akainua kichwa, akalitafuta ziwa. Fyonz, fyonz! Nyati alisimama tuli, hata inzi puani hakumfukuza.

Basi wanangu, msiridhike na kelele za kazi. Funueni muone kama imefanyika.

Ndivyo ilivyokuwa, yote kweli tupu. Ila ile sabuni. Hiyo nilimpa mimi.